Kitambulisho cha Mkiani

Bakoba, Bukoba
Jumamosi, jioni

Mwanangu Kokushubila,

Wewe na Bibi mmetoka kwenda kuwaaga majirani, na kwa jinsi ninavyomfahamu Bibi, kila nyumba itawakalisha na kuwalisha, kwa hiyo ninao muda wa kutosha. Tranki lako limefungwa. Godoro limeviringwa na kukazwa kwa kamba. Habari za ndoo, sabuni, kandambili na namna ya kuzungumza na matroni, Bibi amekuhubiria tangu aliposhuka kutoka Izimbya na mikungu yake ya ndizi, nami sitaongeza neno. Ninaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza jana tulipokuwa tunaosha vyombo.

"Dada," ulisema, "pale getini shuleni wakiuliza nani amenileta, niseme nani?"

Nami, mwenye shahada mbili, mwalimu wa biolojia ambaye wanachuo humsifu kwa kujibu swali kabla halijamalizika, nilikujibu, "Tutajua huko huko."

Uliisuuza ile sahani, ukaiegemeza kwenye kichanja, ukasema, "Sawa, dada." Hukununa. Laiti ungenuna, ningejua bado unanidai kitu.

Barua hii ndiyo jibu nililopaswa kukupa. Naomba unistahimilie, maana nitaanzia mbali, ndani ya seli. Ndiko ninakojificha kila ninapoona haya, nawe umekwisha kulijua hilo. Lakini safari hii sijifichi. Nataka nikuoneshe mahali nilipokosea, na kosa lenyewe nililiona vizuri mara ya kwanza ndani ya seli, kabla sijapata ujasiri wa kulitazama ndani ya nyumba hii.

Kidato cha kwanza utafundishwa kwamba seli ina sehemu nyingi ndogo, kila moja na kazi yake. Ifikirie kama kibanja cha Bibi, nyumba na shamba lake la migomba. Mna nyumba ya kulala, jiko, ghala la kahawa, na lile shimo la nyuma ambamo taka huoza bila kumdhuru mtu. Katika seli kila sehemu ya namna hiyo imezungushiwa utando wa mafuta. Protini, ambazo ndizo watenda kazi wa seli, karibu zote hutengenezwa nje uani, kisha kila moja inatakiwa kufika katika chumba chake. Haiwezi kupenya utando kwa nguvu zake. Lazima ipite mlangoni, na mlango una mlinzi. Mlinzi huyo haisomi protini yote tangu mwanzo hadi mwisho. Husoma kitambulisho chake tu, yaani kipande kifupi ambacho protini imezaliwa nacho.

Vyumba viwili ndivyo vinavyonihusu hapa. Cha kwanza ni mitokondria, ambayo ndiyo jiko la seli, kwa kuwa nishati hupikwa humo. Protini nyingi za huko hubeba kitambulisho chao kichwani. Mlango wake ni mwembamba mno, kiasi kwamba protini haiwezi kuingia ikiwa imejikunja katika umbo lake. Hunyooshwa kwanza ikawa kama uzi unaopitishwa katika tundu la sindano, kisha huvutwa hadi ndani. Ikishaingia, kuna mkasi unaokisubiri kile kitambulisho cha kichwani na kukikata.

Chumba cha pili kinaitwa peroksisomu, nacho hushughulikia, pamoja na mambo mengine, vitu vya sumu. Huko utaratibu ni tofauti kabisa. Kitambulisho cha protini nyingi za peroksisomu kipo mkiani, kifupi sana, na protini huingia ikiwa imejikunja, imekamilika, na umbo lake zima. Wakati mwingine huingia ikiwa imeshikana na mwenzake asiye na kitambulisho chochote, na mlinzi huwapitisha wote wawili. Hakuna mkasi unaosubiri ndani. Kitambulisho cha mkiani hakikatwi.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Katika ini la binadamu kuna kimeng'enya kimoja ambacho kazi yake ni ndani ya peroksisomu. Kwa watu wachache, kutokana na hitilafu ndogo za kurithi, kimeng'enya hicho huzaliwa na kitu kichwani kinachofanana na kitambulisho cha mitokondria. Kitambulisho sahihi cha mkiani bado kipo, hakijaguswa. Lakini kile cha uongo kiko mbele, na ndicho kinachoshinda. Basi kimeng'enya kinapelekwa jikoni badala ya kwenda kwenye shimo la taka. Jambo la kusikitisha ni kwamba hakijaharibika. Ukikipima, kinafanya kazi. Kipo tu mahali ambapo kazi yake haihitajiki, na kule kinakohitajika taka inajilimbikiza, inageuka mawe, na mawe yanaua figo. Mara nyingi huwa ni figo za mtoto.

Hiyo ndiyo mada niliyokuwa ninaiwasilisha siku ile ya Dar es Salaam.

Ulikuwa na miaka minane. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, na idara yetu ilikuwa imewaalika wageni kutazama kazi za wanafunzi. Mjomba wako Deo alikuwa na safari ya Dar, nawe ulilia hadi Bibi akakufungashia nguo ukaja naye. Akakuacha kwangu asubuhi ileile, akaenda zake Kariakoo. Nilikuketisha kwenye stuli nyuma ya bango langu, nikakuambia utulie. Ulitulia. Ulikuwa umevaa gauni la kanisani, miguu haifiki chini, na mapajani umeshika makopo mawili ya senene, wale panzi wa kukaanga wa kwetu, ambayo hukumruhusu mtu yeyote ayashike, hata mimi.

Lazima ujue kwamba pale chuoni hapakuwa na mtu aliyejua kwamba nina mtoto. Rafiki yangu wa chumba kimoja, Neema, ambaye tuligawana hata chumvi, hakujua. Niliwahi kuulizwa waziwazi, nikacheka, nikasema, "Mtoto nimtoe wapi?"

Niliwasilisha vizuri siku ile. Naandika hivi bila majivuno, kwa sababu uzuri ule ni sehemu ya aibu yangu. Profesa aliyekuwa akinisimamia alisimama na wageni watatu, na nilipofika pale ninapoeleza kwamba kimeng'enya ni kizima ila kimeandikiwa mahali pasipo pake, mgeni mmoja alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, na mimi nikajihisi mrefu kama mgomba uliotiwa samadi.

Hapo ndipo ulipotelemka kwenye stuli. Ulifanya kila kitu kama Bibi alivyokufundisha. Ulipiga goti, ukamwamkia Profesa shikamoo, ukamnyooshea kopo moja kwa mikono miwili.

"Bibi amenituma," ulisema kwa sauti ya mtu aliyekariri njia nzima tangu Bukoba. "Alisema, kopo hili mpe mwalimu wa nyoko."

Neema alishika mdomo. Mgeni mmoja alikohoa. Kijana mmoja wa bango la jirani alisema, "Ee, Profesa, umetukanwa mbele ya wageni," na watu wakaangua kicheko.

Nilijua kabisa ulichosema. Katika lugha yetu, mae ni mama yangu, nyoko ni mama yako, nyina ni mama yake. Ni maneno ya nyumbani, safi kama maziwa, Bibi huyatumia mbele ya padri. Ulikuwa unamnukuu Bibi neno kwa neno, kwa uaminifu ambao mimi siku hiyo sikuwa nao. Ilinitosha kusema sentensi moja: Profesa, kwa Kihaya neno hilo maana yake ni mama yako, na mama mwenyewe ndiye mimi. Wangecheka tena, kisha wangekula senene.

Badala yake nilisema, "Samahani sana, Profesa. Huyu ni mdogo wangu, katoka kijijini, Kiswahili bado kinampiga chenga."

Profesa alikuwa mtu mwema. "Mtoto hana kosa," alisema, huku akifungua kopo. "Ndiye wa mwisho kwenu?"

"Ndiyo," nikasema. "Kitinda mimba."

Koku, wewe ni kifungua mimba wangu. Nilikuita kitinda mimba wa mama yangu mbele ya bango lililoandikwa kwa mkono wangu kuhusu madhara ya kitambulisho cha uongo kinachotangulia mbele. Nilikuwa nimeishika ile fimbo ya kuelekezea, na ncha yake ilikuwa imegusa picha ya figo.

Kisha nikakuinamia, nikakunong'oneza kwa ukali: "Neno hilo usilitamke tena. Ni tusi."

Ulinitazama. Nimefundisha wanafunzi wengi tangu siku ile, na ninaitambua sura ya mtu anayefikiri hadi anapata jibu. Ulifikiri, ukapata, ukasema kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Samahani, dada."

Ulikuwa unanisaidia. Uliona nimetegemea uongo, ukaushika upande wa pili usianguke. Sijawahi kusaidiwa na mtu nikaumia kiasi kile.

Ninajua unavyojua kupima maneno, kwa hiyo hutaridhika nikisema tu kwamba niliona haya. Utauliza haya ya nini. Nitajaribu kujibu, ingawa jibu halinisafishi.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya wilaya hiyohiyo ya Muleba unakokwenda kesho, upande mwingine wa Ijumbi, ilipo shule yako. Habari za baba yako nilikwisha kukueleza, sizirudii. Tumbo lilipojulikana niliitwa mbele ya mstari wa asubuhi. Mkuu wa shule hakunitukana. Alisema tu, kwa sauti ya upole, "Mtazameni mwenzenu," nao wakanitazama. Bibi alikuja kunichukua. Alibeba lile tranki kichwani yeye mwenyewe, mimi nikafuata nyuma, na katika safari nzima hadi Izimbya aliniuliza neno moja tu: "Umekula?" Tranki ndilo hilo lako. Lilihifadhi nepi zako kabla ya kuhifadhi madaftari yako.

Nilijisomea nyumbani nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kila mlango nilioupita baada ya hapo niliuona mwembamba. Nilijinyoosha. Niliacha lafudhi, niliacha jina la kikwetu nikabaki na la ubatizo, niliacha kucheka kwa sauti. Nilipojifunza habari za mitokondria, za uzi unaovutwa na kitambulisho kinachokatwa, nilisema moyoni: naam, ndivyo mtu anavyoingia. Nilifurahi kuona kwamba hata maumbile yako upande wangu. Habari za peroksisomu nilizisoma katika somo lilelile, juma lilelile, na nikapata alama nzuri. Nilizisoma kama mtihani. Sikuzisoma kama mama.

Na hapa lazima nikuonye, kabla mwalimu wako hajafanya hivyo: protini haina aibu. Haifanyi uamuzi. Ukiandika katika mtihani kwamba protini ilikatwa kitambulisho kwa sababu ya uoga, utapata sifuri, nami nitakuwa wa kwanza kumuunga mkono mwalimu. Mkasi wa mitokondria ni sehemu ya utaratibu, hauna lawama. Mkasi wangu niliushika mwenyewe, na sikuwa nimeamriwa na mtu.

Uliporudi Izimbya, Bibi alinipigia simu.

"Halo, mwanangu. Nasikia nimejifungua."

"Mama..."

"Tena mtoto mkubwa namna hii, anajua kusoma. Na supu ya uzazi sijaletewa."

Nilicheka, kwa kuwa ndivyo Bibi anavyotaka watu wafanye kabla hajawachoma. Kisha akanichoma.

"Nimemsikia mtoto anakutaja 'dada'. Nimemuuliza, akasema huko Dar neno nililomfundisha ni tusi. Sasa niambie wewe msomi. Ukiulizwa nyoko ni nani, si utasema ni mimi? Mimi ni tusi?"

Nilimjibu kwamba lugha hutofautiana, kwamba pwani neno hilo limepata maana nyingine. Nilimpa maelezo marefu na sahihi. Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Haya, waitu," akasema, kama mtu anavyomjibu mkubwa asiyetaka kubishana naye, akakata simu. Bibi hajawahi kuniita hivyo kabla wala baada.

Nilidhani likizo moja ingetosha kulirekebisha. Nilikuja Krismasi, nikakuletea viatu, ukasema, "Asante, dada." Nikajiambia ni mazoea, yatapita. Lakini ninachotaka kukiri leo ni kibaya kuliko siku ile ya Dar, ambayo ilikuwa ya sekunde chache na hofu. Nilipopata kazi hapa mjini nikakuchukua tukaishi wote Bakoba, jirani wa kwanza aliniuliza, "Huyu ni mdogo wako?" nami sikujibu. Nilitabasamu. Wewe ulikuwepo, umebeba ndoo. Hapakuwa na profesa, hapakuwa na mgeni, hapakuwa na chochote cha kupoteza ila swali la pili ambalo lingefuata. Nilitabasamu vivyo hivyo kwenye jumuiya, na kwa mama wa genge, na kwa wenzangu kazini. Niliona ni raha. Mtu mwenye mdogo wake anayemlea husifiwa. Nilisifiwa kwa kukulea, Koku, na nikazipokea sifa hizo.

Na wewe, mahali hapo pasipo pako, ulifanya kazi vizuri. Hiyo ndiyo sababu hakuna aliyegundua. Ulikuwa mdogo mtu mwema kabisa: ulinichotea maji, ulinisubiri na chakula, ulinisahihishia alama za wanafunzi zilizokosewa kujumlishwa. Mwaka jana ulipougua malaria nikaketi nawe hospitalini, homa ilipopanda uliita "mae, mae". Nesi akanigeukia, akaniuliza kwa huruma, "Mama yenu yuko wapi, tumpigie?" Nikampa namba ya Bibi.

Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili na kuiandika tena. Iache ibaki. Unastahili kujua ulimwita nani na nani hakuitika.

Sina ushauri mwingi wa kukupa, maana mshauri anapaswa kuwa amefika. Nina mambo mawili ambayo nimeyalipia. La kwanza ni kwamba uongo unaotangulia mbele hushinda ukweli ulioko nyuma, hata kama ukweli haujaguswa. Hauhitaji kuharibu kitu chochote. Unawahi tu kusomwa. La pili ni kwamba milango si ya aina moja. Mimi niliukuta mmoja mwembamba nikaamini yote ni hivyo, nikajinyoosha hata pale nilipoweza kupita mzima, nimekushika mkono. Utakutana na milango ya aina zote mbili. Utaitambua mwenyewe vizuri kuliko mimi.

Nasikia kicheko cha Bibi pale kwa fundi cherehani, kwa hiyo nifanye haraka.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya shuka zako ndani ya tranki, uikute nikiwa nimekwisha kuondoka. Nilikuwa hata nimelifungua tranki. Kisha nikaona kwamba hiyo nayo ni tabasamu, ni njia nyingine ya kutokuwepo swali linapoulizwa. Nimelifunga. Barua nimeiweka juu ya sketi yako mpya, utakayoivaa alfajiri, ili tukae wote garini wewe ukiwa umeisoma na mimi nikijua umeisoma. Ukitaka kunyamaza njia nzima hadi Ijumbi, nyamaza. Mimi nitakuuliza kama umekula.

Na pale getini, mlinzi akiuliza, hutahitaji kusema neno. Nitajibu mimi, kabla hajakugeukia: "Mimi ndiye mama yake." Akinitazama usoni, kisha akutazame wewe, kisha apige hesabu ya umri wangu, kama watu wanavyofanya, nitasimama ahesabu hadi amalize.

Wala sikuombi uniite mae. Nilikunyang'anya neno moja, siwezi kukuamuru unirudishie lingine. Ukiona vema kuniita dada hadi nitakapozeeka, nitaitika. Ila nisingependa uniite hivyo kwa kunisaidia. Umenisaidia vya kutosha.

Juu ya barua hii nimeandika "Mwanangu", lakini kila mwalimu na kila padri atakuita hivyo. Kitambulisho changu nimekiweka mkiani, mahali ambapo hakikatwi. Ni lile neno nililokukataza. Ukilisoma kwa Kiswahili ni tusi, nami sitalalamika. Ukilisoma kwa lugha ya Bibi, ndiye mimi.

Nyoko